Fimbo ya Mchawi, Ukurasa wa Saba

Bi Mwanahawa alipoingia studio, kitambulisho cha marehemu mumewe kikiwa kimefundikwa kwenye pindo la khanga, Thobias aliikubali kazi kabla hajaambiwa ni kazi gani. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na tangu Alhamisi hakuna aliyevuka kizingiti isipokuwa mtu mmoja aliyeomba chenji.

"Nataka nisimame na mume wangu," Bi Mwanahawa alisema. "Kwenye picha moja."

"Inawezekana."

"Amefariki, baba."

"Inawezekana," Thobias alirudia, safari hii kwa sauti ya chini. "Pole sana, mama. Kompyuta haichagui."

Bi Mwanahawa alifundua khanga. Mzee Kibwana alikuwa karani wa mizigo stesheni, na hiyo picha ndogo ya kitambulisho ndiyo pekee aliyopata kupigwa. Muhuri wa kazini ulikuwa umempita kwenye shavu la kushoto, zambarau. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa walipanga kwenda studio, na kila walipovaa, treni ya mizigo ilichelewa.

"Jumatano ya wiki ijayo ni hitima yake," Bi Mwanahawa alisema. "Wifi zangu wanakuja kutoka Kilosa. Wanasema kwangu hakuna hata alama kwamba kaka yao aliishi pale. Wanasema nilimkaribisha tu."

Thobias alimsimamisha mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. "Sogea kidogo kushoto, mama. Mpe nafasi." Bi Mwanahawa akasogea, akaitazama ile nafasi tupu, na Thobias akapiga.

Bi Mwanahawa alipoondoka, Skolastika, mkewe Thobias, alitoka chumba cha nyuma na ufagio mkononi.

"Baba Editha, unajua kuifanya hiyo kazi?"

"Kompyuta inajua."

"Na wewe?"

"Mimi na kompyuta ni kitu kimoja."

Skolastika alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kiwanda kilipouzwa na Thobias kupunguzwa kazi, walifungua studio hii hapa Mji Mpya, na kwa miaka mitatu watu wa paspoti, vipaimara na ndoa waliwatosha. Kisha ng'ambo ya barabara ikafunguliwa nyingine, yenye mashine inayotoa picha za rangi kwa saa moja, na muziki. Ndipo Thobias alipopanda basi kwenda Dar na mabaki ya mafao yake, akarudi na kompyuta ya mtumba, iliyoshushwa kwenye kontena moja na mafriji na baiskeli za watoto. Muuzaji aliiwasha, likatokea ua jekundu, Thobias akalipa. Mtaani alisema amekwenda kusoma kozi ya miezi mitatu, iliyobanwa ikawa ya siku tatu. Ukweli ni kwamba siku hizo tatu alikaa kwa binamu yake Manzese, na siku mbili kati ya hizo umeme ulikatika. Bango jipya lilikuwa limekwisha kutundikwa mlangoni: THOBIAS DIJITALI. WALIO MBALI TUNAWAKUTANISHA.

Kuziingiza picha kwenye kompyuta hakukuwa shida. Muuzaji alikuwa amempa na skana, kibati cha kunakilia picha, akamwonyesha kitufe chake cha kijani. Shida ilianza hapo zilipoingia. Kila kitu kwenye kioo kiliandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Thobias alibonyeza hapa na pale, kikajitokeza kisanduku chenye swali refu, na chini yake maneno mawili: Ja na Nee.

"Inasema ja," Thobias alieleza. "Maana yake njoo. Inatuita."

"Na hilo la pili?"

"Nne. Wamekosea kuandika."

Akachagua ja, maana, alisema, ukiitwa unaenda. Picha ya Bi Mwanahawa ikageuka, kichwa chini miguu juu. Wakaitwa tena, wakaenda tena. Mara ya tatu mama wa watu akawa wa kijani kibichi kama bamia. Mara ya nne akatoweka kabisa.

"Tutafute mtu tumuulize," Skolastika alisema.

"Nimuulize nani? Mtaa mzima unajua nimesoma kozi ya miezi mitatu." Thobias alijifuta jasho. "Nenda wewe katafute kitabu. Cha wanaoanza. Sema ni cha mpwa wako."

*

Mwenye duka la vitabu mjini alimsikiliza Skolastika kwa makini, akapekua rafu kwa muda mrefu, akarudi na kitabu cha ufugaji wa kuku wa mayai.

"Hiki si cha kompyuta," Skolastika alisema.

"Lakini ni cha wanaoanza kabisa. Na kina picha."

"Nataka kutengeneza picha, baba, si kuziangalia."

Mtu yule akaona amedharauliwa. Alileta kingine, cha kupiga taipu, kilichochapwa kabla Skolastika hajazaliwa, akakibamiza juu ya meza. "Herufi ni zilezile," alisema. "Mpwa wako aanze na hiki, asiwe na haraka."

Skolastika aliondoka mikono mitupu. Alikwenda kwa Athanas, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye kiinua mgongo chake kilikuwa kimenunua kompyuta nne na kuandikisha INTANETI juu ya dirisha. Athanas alitafuta. Ukurasa uliteremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi na magunia.

"Unatoka Marekani mpaka hapa, mama," Athanas alisema, alipomwona Skolastika akiitazama saa ya ukutani. "Uonee huruma."

Saa moja na nusu baadaye alimtolea karatasi thelathini na moja za Kiingereza. Kiingereza cha Skolastika kilikuwa cha kidato cha pili, lakini alikaa nazo jioni yote, akisoma kwa sauti, Thobias akiwa amekamata mausi kama mtu anayesubiri filimbi ya refa. Ukurasa wa kwanza uliwapongeza. Wa pili uliwaambia wasiogope. Wa tatu uliwataka wabonyeze neno ambalo kwenye kompyuta yao halikuwepo. Walijaribu kuhesabu: karatasi zikisema neno la tatu kutoka juu, nao wakabonyeza la tatu kutoka juu. Kompyuta ikauliza, wakajibu ja, ikazimika.

Kesho yake Skolastika aliyanakili maneno ya kwenye kioo kwenye karatasi, herufi kwa herufi, akarudi kwa Athanas. Mwalimu alivaa miwani.

"Hiki si Kiingereza," alisema. "Wala si Kijerumani. Kijerumani nakijua kwa sura." Aliweka kidole juu ya neno la kwanza. "Na hili halitamkwi ja. Huko kwao hiyo herufi ni kama ye. Hili ni yaa."

"Sema tena, mwalimu."

"Yaa."

Skolastika aliketi. Alikuwa amezaliwa juu milimani, kijiji cha misheni njia ya Mgeta, na utotoni alitumwa mara nyingi kupeleka mayai jikoni kwa mapadre. Mezani walikuwa wanne, Waholanzi, na Babu Agustino mpishi alipouliza kama waongezewe supu, watatu walijibu yaa, yaa. Yule aliyeshiba alisema nee.

"Mungu wangu," alisema. "Siku zote hizi tunaikubalia kila kitu."

Athanas aliyaandika maneno yaleyale ya kwenye karatasi, akaituma intaneti iyatafute, wakasubiri. Kilichokuja kilikuwa mwongozo wa kurasa ishirini na mbili, wa Kiholanzi kitupu, na kwenye jalada mtoto mdogo aliyeshika brashi kubwa kumzidi. Hata asiyejua kusoma angeelewa kwamba ni wa wanaoanza.

*

Skolastika alipanda lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, akashuka kwenye ukungu, na saa tano alikuwa mlangoni kwa Babu Agustino. Mzee alikuwa na miaka sabini na minane. Alikuwa amewapikia mapadre miaka thelathini na mmoja, mpaka wa mwisho wao aliporudi kwao kufa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ukitaka keki ya harusi, mikono haina nguvu siku hizi."

"Nataka unisomee karatasi."

Babu Agustino alizipokea zile karatasi, akazinusa kwanza. Kiholanzi alifundishwa kukisoma na padre mmoja aliyechoka kumsomea mwenyewe kitabu cha mapishi, na tangu siku hiyo hakuwahi kukisoma kwenye jambo jingine lolote. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Skolastika akafungua daftari la Editha la hesabu, upande ambao haujatumika.

"Kwanza osha mikono," Babu Agustino alianza.

"Imeandikwa hivyo?"

"Haikuandikwa. Wamesahau." Akaendelea. "Shika panya kwa mkono wa kulia. Mbonyeze mgongo mara mbili, upesi upesi." Aliinua macho. "Wanamla?"

"Si panya wa kweli, babu. Andika tu... namaanisha, endelea, mimi naandika."

Maneno mengine hakuyajua, na alipoyafikia aliyaruka kwa heshima, kama mtu anayepita mbele ya wazee. Lakini mengine aliyajua kuliko kompyuta yenyewe. Alipofika ukurasa wa nne alitabasamu.

"Hapa wanazungumzia matabaka. Hiki nakijua. Keki ya Pasaka. Tabaka la chini liko peke yake, la juu liko peke yake, hayajagandana mpaka wewe utake. Ukitaka kukata la juu, hakikisha kisu kimesimama kwenye la juu. Ukijisahau unakata yote mpaka kwenye sahani."

Skolastika aliacha kuandika. Kurasa thelathini na moja za Kiingereza zilikuwa zimemweleza jambo hilihili, akaambulia kuumwa kichwa. Sasa aliliona: Bi Mwanahawa chini, Mzee Kibwana juu yake, na pazia la maporomoko chini ya wote.

"Na hapa: palipoharibika, usipake kitu kigeni. Chota palipo pazuri, upake pale. Kama nyufa za keki. Unachota krimu pembeni."

Shavu la kulia, Skolastika aliwaza. Unachota shavu la kulia, unapaka juu ya muhuri.

Kwenye ukurasa wa saba Babu Agustino alikwama. Alisoma mstari uleule mara tatu, midomo ikicheza. Kisha akavua miwani.

"Mjukuu wangu, nani kakutuma?"

"Kwa nini, babu?"

"Hapa wanasema uchukue fimbo ya mchawi. Uiguse sura ya mtu, na sura itajitenga na pale ilipokuwa." Aliisukuma karatasi mbali. "Nimekula meza ya kanisa miaka thelathini na mmoja. Siendelei."

"Ni jina tu la kifaa."

"Na huyo mtu wa kwenye picha, yu hai?"

Skolastika hakuweza kumdanganya. Alisimulia yote: marehemu, muhuri, wifi wa Kilosa, bango la mlangoni, hata zile siku tatu za Manzese. Mzee alisikiliza huku akitikisa kichwa, na kila kilichoongezwa kilifanya mambo yazidi kuwa mabaya.

"Unamwondoa marehemu alipo, unamsimamisha na mkewe, kwa fimbo ya mchawi," alisema. "Twende kwa paroko."

Paroko, padre kijana mzaliwa wa Matombo, alikuwa nyuma ya kanisa na bomba la maji lililopasuka, kanzu ikiwa imekunjwa magotini. Alisikiliza akiwa ameziba tundu kwa kidole gumba.

"Ni kifaa cha kompyuta, mzee. Endelea tu."

"Naomba kwa maandishi, Baba."

"Mzee Agustino, naloana."

"Nitasubiri."

Alisubiri. Maji yalipofungwa, paroko aliingia ofisini akaandika, na Skolastika alisoma juu ya bega lake: *Mzee Agustino anaruhusiwa kutafsiri fimbo ya mchawi, ukurasa wa saba tu.* Babu Agustino aliomba na muhuri wa parokia. Akagongewa.

Waliurudia ukurasa wa saba, mzee akiwa na karatasi katika mkono mmoja na kibali katika mwingine. Walimaliza jua likiwa limekwisha kwenda nyuma ya mlima. Mstari wa mwisho ulihusu kuhifadhi kazi. "Weka akiba mara kwa mara," alitafsiri, akaongeza mwenyewe, "mahali pakavu, mbali na sisimizi."

*

"Nisome mapishi?" Thobias alisema. "Mimi?"

"Basi kaa kitini, mimi nisome."

Thobias alikaa, akajibiwa na kompyuta kwa namna yake, na baada ya nusu saa aliinuka akachukua daftari. Skolastika akakamata mausi. Kazi ikaanza kwenda. Joto lilikuwa kali, mlango uko wazi, na Thobias, aliyezoea kelele za mashine za kiwandani, hakujua kusoma kwa sauti ndogo.

"Simamisha kisu kwenye tabaka la juu! La chini usiliguse! Sasa chota krimu pembeni!"

Kufika saa nane mchana wanawake watatu walikuwa barazani. Wa kwanza alitaka kujua keki ya ubatizo ni bei gani. Wa pili alisema wamefanya vizuri kubadili biashara, maana picha kwa kweli zilikuwa haziendi. Thobias aliwafukuza wawili. Wa tatu alikataa kuondoka mpaka aonje.

Kufikia Jumamosi Mzee Kibwana alikuwa amekatwa kwenye kitambulisho, shavu lake limepakwa shavu, muhuri haupo. Alikuwa safi kama siku ya kuajiriwa. Tatizo, ambalo kurasa zote ishirini na mbili hazikuligusa, ni kwamba aliishia mabegani. Kwenye ile nafasi aliyoachiwa na mkewe, kichwa kilielea mbele ya maporomoko ya maji kama puto.

"Anahitaji kiwiliwili," Skolastika alisema.

Walitazamana.

"Hapana," Thobias alisema.

"Mlikuwa na kimo kimoja."

"Mama Editha, mimi ni mwenye studio."

Stambuli, fundi cherehani wa jirani, ndiye aliyeazimisha kanzu na koti. Alikuja mwenyewe kuhakikisha vinavaliwa ipasavyo, na kwa kuwa alimfahamu marehemu, alisimama pembeni akielekeza. "Mikono nyuma. Hapana, Kibwana hakuwa anajivuna hivyo. Legea. Legea zaidi. Umepokea mshahara, umekuta umekatwa." Thobias alilegea. Skolastika akapiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta, na kwa fimbo ya ukurasa wa saba akamkata mumewe shingoni. Thobias alitazama mpaka kichwa chake mwenyewe kilipotoweka, kisha akaenda kukaa nje.

*

Jumanne, siku moja kabla ya hitima, Bi Mwanahawa alikuja mapema. Alikuwa amevaa khanga mpya. Skolastika alimwamkia, akamvutia kiti cha wateja mbele ya kioo cha kompyuta. Thobias alisimama kando akiwa na kalamu sikioni, tayari kupongezwa.

Bi Mwanahawa alitazama muda mrefu.

"Ni yeye," alisema hatimaye. Kisha akasogeza uso. "Amenenepa."

Thobias alivuta tumbo ndani.

"Huko aliko wanamlisha vizuri, alhamdulillahi." Aliitazama tena picha, na Skolastika aliona furaha ikianza kumtoka usoni kidogo kidogo. "Lakini mbona kanikaribia hivi?"

"Ni mume wako, mama," Thobias alisema. "Mume na mke husimama karibu. Wifi zako wakiona hivyo watanyamaza."

"Watacheka. Kaka yao wanamjua." Aliinua mkono, akaushusha. "Kibwana hakuwa mtu wa kusimama nawe bega kwa bega mbele za watu. Alikuwa akisimama kidogo nyuma, upande wa mlango, kama anayesikilizia treni. Miaka ishirini na sita. Nikigeuka, yuko pale." Akafuta jicho kwa pindo la khanga. "Huyu wa hapa ni bwana mzuri, lakini sikuolewa naye. Nisamehe, baba. Mmejisumbua."

Thobias alifungua mdomo kueleza kwamba picha ikishatengenezwa imetengenezwa. Skolastika alimwahi. Alikivuta kile kiti mpaka meza ya kompyuta ikawa mbele ya magoti ya Bi Mwanahawa, akauchukua mkono wake wa kulia, wa mtu aliyetwanga na kufua maisha yake yote, akauweka juu ya mausi, na wake juu yake.

"Yuko peke yake, mama," alisema. "Hajagandana na kitu. Msogeze mwenyewe."

Walibonyeza pamoja, wakavuta. Mzee Kibwana akatikisika, akaondoka begani kwa mkewe. Bi Mwanahawa alishtuka akaachia, na Mzee Kibwana akasimama hapo alipofika. Akavuta tena, peke yake sasa. Alimvuta kwa nguvu mno, nusu ya mwili ikatoka nje ya picha, na mama wa watu akapiga ukelele mdogo, akamrudisha haraka, kama mtu aliyemshika mtoto kando ya barabara. Kisha polepole: kulia kidogo, nyuma kidogo. Skolastika alimpunguza kimo kidogo, aonekane kweli yuko nyuma. Kati ya mtu na mkewe pakabaki upana wa kiganja, na maporomoko ya maji yakaonekana hapo katikati.

"Hapo," Bi Mwanahawa alisema.

Barazani watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mmoja aliuliza kwa sauti kama leo kuna keki. Thobias alikwenda akarudishia mlango, akasimama amekiegemea kitasa.

"Sasa nikibonyeza hapa, mama," Skolastika alisema, "inatoka kwenye karatasi. Unaondoka nayo."

"Akishatoka kwenye karatasi, hasogei tena?"

"Hasogei."

Bi Mwanahawa hakuutoa mkono juu ya mausi.

"Basi usibonyeze kwanza," alisema. "Niache nimtazame akiwa bado anaweza kusogea."